Wenye magari ya kigeni wafikiriwe katika malipo ya barabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa sisi tunaopanda daladala huonekana la mbali, lakini mwaka huu limeingia hadi nyumbani kwangu. Nalo ni ushuru wa barabara unaolipwa kwa mitambo, na jinsi unavyowahangaisha wanaovuka mpaka na magari yao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, upande wa Kisarawe, na makazi yangu ni Gongo la Mboto. Dada yangu ameolewa Kenya. Baba yetu alipofariki usiku wa Ijumaa, dada na shemeji waliondoka na gari lao alfajiri ya Jumamosi, na hesabu yao ilikuwa kuwahi maziko baada ya sala ya alasiri. Walikuja na fedha za Kenya na za kwetu, wala hawakuja kuomba msamaha wa ushuru. Kwenye lango moja la malipo, ambalo silitaji kwa kuwa nia yangu si kumchongea mtu, walipewa namba ya kumbukumbu ya malipo wakaambiwa walipe kwa simu au benki. Noti hazipokelewi. Laini zao za Kenya zikaikataa namba ile, na benki ilikuwa imefungwa.

Dada akanipigia mimi, maana ningeweza kuilipia namba ile nikiwa hapa hapa nyumbani. Simu nilikuwa nimeiacha ndani, nami niko uani na wazee tukipanga mambo ya kaburi. Baadaye nilikuta amepiga mara saba. Muda wa saa tatu ulipita ndipo akatokea kijana mmoja akawalipia kwa simu yake, naye akachukua chake juu. Tulimzika baba saa kumi na nusu, kwani wazee walisema maiti hasubirishwi. Dada alifika saa moja na nusu usiku. Shemeji aliniambia neno moja tu: "Shemeji, pesa ninazo mkononi, hawazitaki."

Ndugu Mhariri, sipingi mitambo. Kabla Serikali haijaanza mfumo wa pamoja wa kukusanya malipo yake mwaka 2017, fedha nyingi zilikuwa zikipita katika mikono mingi, na sote tunajua mikono mingine ina gundi. Mwalimu aliyewahi kukusanya michango ya shule kwa noti na sarafu anajua usiku wa kuhesabu na kukuta pungufu ulivyo. Wala ushuru wenyewe siupingi. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lenye urefu wa mita 680, lililozinduliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za NSSF na za Serikali, na fedha za wanachama lazima zirudi. Gari dogo lilianza kwa kulipa shilingi 1,500, na mwaka 2022 likapunguziwa hadi 1,000. Hicho si kiasi cha kumshinda mwenye gari. Ninachouliza ni hiki: mtu mwenye fedha, mwenye nia ya kulipa, asiye na laini ya hapa wala kadi kama ile ya N-Card tuliyoizoea sisi kivukoni Magogoni, alipe kwa njia gani?

Wenzetu wamelikuta swali hili kabla yetu. Huko Nairobi, barabara ya juu ya kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022. Mwenye kupita kila siku hubandika kifaa kwenye kioo cha gari na lango humfungukia lenyewe. Asiye nacho hupita mlango wa pili na kutoa noti. Hivyo Mtanzania anayefika pale kwa mara ya kwanza hakwami. Mitambo ipo, na dirisha la noti lipo.

Afrika Kusini walikwenda njia nyingine. Desemba 2013, katika jimbo la Gauteng, walianza kutoza ushuru bila lango lolote. Kamera juu ya barabara zinapiga picha namba ya gari, na hati ya deni inamfuata mwenye gari nyumbani. Wananchi wengi waligoma kulipa, na Aprili 2024 utaratibu ule ukafungwa. Lakini hata bila mgomo, mimi najiuliza hati ya deni ingemfuataje mtu mwenye namba ya Msumbiji au ya Botswana, ambaye daftari lake la magari liko nchi nyingine? Ama atapita bure na kumwachia mwenyeji mzigo, ama atashikwa siku ya kutoka kwa deni ambalo hakujua analo. Njia zote mbili si za haki.

Ureno nao waliweka kamera bila malango kwenye baadhi ya barabara zao kuu tangu mwaka 2010, na madereva kutoka Hispania wakababaika. Ndipo wakaweka mashine mpakani: dereva mgeni anasimama, anaingiza kadi yake ya benki, kamera inasoma namba ya gari, na kwa siku 30 ushuru unakatwa wenyewe popote apitapo. Barabara kadhaa kati ya hizo zilifutiwa ushuru Januari 2025, lakini fikra ile ya mashine ya mpakani ilikuwa nzuri. Mgeni anashughulikiwa mara moja, tena mlangoni anapoingilia.

Sisi hatujashindwa mambo ya namna hii. Bima ya gari yenye kadi ya njano, iliyo chini ya COMESA, inamwezesha dereva wa Kenya, Zambia au Malawi kuingia kwetu bila kukata bima mpya, ingawa Tanzania yenyewe si mwanachama wa jumuiya hiyo. Kama bima inavuka mpaka, malipo ya barabara yanashindwa nini?

Naomba wahusika watazame mambo haya mapema. Kila lango liwe na dirisha moja la fedha taslimu, lenye stakabadhi ya mashine, hata kama mgeni atatozwa kidogo zaidi kwa usumbufu. Kadi za muda ziuzwe mpakani, na salio lirudishwe mtu anapotoka. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, maana madereva wa Kongo na Burundi wanaokuja kupakia mizigo bandarini kwetu si wachache. Na mabenki na makampuni ya simu ya nchi zetu yakae pamoja, ili namba ya malipo ya Tanzania ikubali laini ya Kenya, na ya Kenya ikubali yetu.

Nasema mapema kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja michuano ya mpira ya AFCON ya mwaka 2027, na wapenzi wa mpira hawatasafiri wote kwa ndege. Tena mpango wa barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze umezungumzwa miaka mingi. Ni rahisi kuchora dirisha la mgeni kwenye karatasi kuliko kulitoboa ukutani baada ya ujenzi.

Dada yangu atakuja tena kwenye hitima ya arobaini, kwa gari lile lile. Tumekubaliana kwamba akifika langoni atanisomea namba, nami nitailipa papo hapo. Siku hiyo simu sitaiacha ndani.

Mwalimu,
Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.