Ofisi ya Mtaa Iwe Darasa la Mipangomiji

Masika yakishakatika na njia za mlimani zikakauka, wanafunzi wa shahada ya uzamili ya mipangomiji huanza kuingia Morogoro. Barua zao za utambulisho zimetoka chuoni, zikapita kwa katibu tawala wa mkoa, kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa mtendaji wa kata, mpaka zikagongwa muhuri mtaani. Dodoso liko kwenye simu, ramani ya setilaiti iko kwenye kompyuta. Huzunguka Luhungo au Kihonda siku chache, wakashukuru, wakaondoka. Mimi nilifanya kazi ya mipangomiji mpaka nikastaafu, na wengine hunifuata nyumbani Bigwa kuniuliza maswali. Nawapenda vijana hawa. Wana akili na wana hamu, na ndiyo maana inaniuma kuona tunawavisha joho bila kuwafundisha kazi yenyewe.

Kazi yenyewe iko katika ofisi ya serikali ya mtaa. Anaingia mama ameshika karatasi ya daftari, mauziano ya kiwanja yaliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wametia dole gumba. Mpaka wa kiwanja ni mwembe na mfereji. Aliyemuuzia ni kijana wa Kiluguru, na sasa mjomba wa kijana ameteremka kutoka mlimani anasema shamba lile ni la ukoo, kijana hakuwa na ruhusa ya kuliuza. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na kauli ya mjomba ni nzito. Setilaiti haimwoni mjomba. Tangu 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Basi afisa anayekuja na mchoro wa urasimishaji makazi anaukuta ugomvi ungali mbichi, naye anatakiwa apitishe njia katikati yake. Kuwakalisha mama, kijana na mjomba mpaka wakubali kila mmoja aachie kipande ili gari la wagonjwa lipite ni ujuzi wa kitaalamu, na ujuzi huo hufundishika.

Mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Mipangomiji pamoja na sheria ya kuwasajili wataalamu wake, na mwaka huohuo chuo cha Ardhi kikawa chuo kikuu kamili. Tukapata chuo, sheria na bodi ya usajili. Malezi ya kazini ndiyo yaliyobaki nyuma. Daktari hukaa wodini mwaka mzima chini ya wakubwa wake kabla ya kuachiwa mgonjwa peke yake. Mpangamiji tunamwachia mtaa mzima.

Sisi wa Morogoro tunajua gharama ya utaalamu usiosikiliza. Miaka ya 1950 wakoloni walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya milima ya Uluguru, wakawalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Hofu yao ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini matuta yalikula nguvu za watu, na penye udongo mwembamba yalifukua ardhi isiyozaa. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikazuka, polisi wakaingia, na mpango ukaachwa. Kila mwanafunzi wa mipango anayepanda Uluguru anapaswa kuisoma habari hiyo kabla ya kuuliza swali lake la kwanza.

Hatari ya utaalamu usiosikiliza haijapita, kwa kuwa mji unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika manispaa yetu, na ile ya 2022 ikahesabu 471,409. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam, Juni 2024, madalali wa viwanja hawalali. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na maji mengi tunayokunywa mjini hutoka Bwawa la Mindu, linalojazwa na Mto Ngerengere. Kuchora mstari wa mita 60 kwenye kompyuta ni kazi ya asubuhi moja. Lakini ndani ya mstari huo kuna bustani za mchicha zinazolisha masoko yetu, kuna nyumba, kuna makaburi. Nani atasimama mkutanoni aeleze, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa nini mstari umepita pale na wenye bustani watakwenda wapi? Kijana aliyeandika tasnifu nzima kwa Kiingereza hukwama hapohapo, na si kosa lake.

Napendekeza muhula mmoja wa uzamili ufanyike mtaani. Mwanafunzi akae na mtendaji, aandike mihtasari ya vikao, afuatane na wapima, ausikie usuluhishi wa kata kuanzia malalamiko mpaka maafikiano. Manispaa impe afisa mzoefu wa kumlea, na malezi hayo bodi iyahesabu kama uzoefu wa kazi.

Wahadhiri wataniambia muda hautoshi. Muda wa muhula wa ziada wa nadharia unapatikana, huu nao utapatikana. Fedha ni hoja nzito zaidi, kwa kuwa wengi wanajisomesha, hivyo posho ya chakula na nauli iingizwe kwenye bajeti za halmashauri zinazowapokea.

Na kabla mwanafunzi hajaitwa kutetea tasnifu yake, arudi ayasome matokeo mbele ya mkutano wa mtaa alikoyachukua, wakazi wamhoji. Barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba alirudi iwe miongoni mwa nyaraka ambazo chuo kinazidai.