Baga ya Nyumbani na Pilipili ya Ukwaju



Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu. Mwanawe ana umri wa miaka 15. Kila Jumamosi baada ya Maghrib humuaga mama yake kwamba anakwenda darsa, na mama humpa nauli na dua. Siku moja mama akakutana na mwalimu, akaambiwa kuwa kijana hajaonekana kwa majuma matano. Alipobanwa alikiri: hukaa na wenzake katika duka moja linalouza baga, mahali ambapo mama yake alikuwa amemkataza asile kwa kuwa hajui nyama yake yatoka wapi. Sasa mama ananiuliza, "Sheikh, baga ni haramu? Nataka neno lako nimwoneshe."

Neno langu, mama, ni kwamba baga yenyewe si haramu. Jina la hambaga limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, wala halihusiani na nguruwe, ingawa wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliliogopa kwa jinsi linavyoanza. Yanayoulizwa ni mambo mawili: nani aliyechinja, na ni kitu gani kingine kilichokaangwa juu ya chuma kile kile. Muuzaji akiwa Mwislamu, twamdhania wema, wala hatulazimiki kumpekua. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya nyama iliyoletwa na watu waliosilimu karibuni, haijulikani kama walilitaja jina la Allah wakati wa kuchinja. Akawaelekeza walaji walitaje wao, kisha wale. Ama duka linalokaanga na nyama ya nguruwe juu ya chuma hicho hicho, hilo ni jambo jingine. Katika madhehebu yetu ya Shafi, chombo hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo, nami sijauona mkahawa unaofanya hivyo kati ya sahani na sahani.

Hiyo ndiyo fiqhi yake. Lakini kilichoninyima usingizi katika barua ile si nyama, ni uwongo. Kijana huyu, kwa ninavyomwelewa, hakuichukia darsa, alitamani meza ya kukaa na wenzake, akaona mlango wa nyumbani umefungwa kwa neno moja, "usiende." Na sisi masheikh tuna fungu letu katika kosa hili. Tumewasomesha vijana orodha ndefu ya wasivyoruhusiwa kula, na ni nadra tukawaonesha namna ya kukipika kilicho halali. Basi leo naingia jikoni, na namwomba mama huyu ampe mwanawe gazeti hili alisome mwenyewe.

Mwanangu, baga ni ndugu wa kababu, lakini tabia zao ni mbali. Nililijua hilo kwa fedheha. Mara ya kwanza nilitia yai, mkate uliorowekwa na kitunguu kilichokunwa pamoja na maji yake, nikakanda kama mtu akandaye unga wa chapati. Nusu ilivunjika kikaangoni, nusu ikawa ngumu kama kisigino. Mke wangu alicheka hata akaketi chini.

Nyama ya baga haitaki vitu vingi. Nenda buchari unayoiamini, nunua gramu 800 za nyama ya bega na gramu 200 za mafuta. Ya nundu ni mazuri sana. Zisagwe mbele ya macho yako. Bila ya mafuta hayo baga hukauka, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani nyama tupu ndiyo bora. Gawa mafungu manane. Fanya kila fungu liwe bapa kwa viganja, kwa wepesi, lipite upana wa mkate kidogo kwa kuwa litasinyaa, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba ili lisivimbe. Chumvi na pilipili manga nyunyiza juu wakati wa kukaanga tu, kwani chumvi ikichanganywa mapema huifanya nyama ishikane kama soseji.

Kikaango kiwe cha moto sana. Dakika nne upande mmoja, geuza mara moja, dakika nne upande wa pili, na usiikandamize kwa mwiko ukaumwaga mchuzi wake. Hakikisha imeiva mpaka ndani. Nyama nzima vijidudu hukaa juu yake, lakini ikisagwa huingia kati. Kwa hivyo baga yatakiwa ifike nyuzi 71 za Selsiasi, na wekundu wa ndani usikudanganye kuwa ni uhodari wa upishi.

Sasa pilipili, ambayo duka lile halinayo. Roweka gramu 100 za ukwaju katika kikombe cha maji ya moto kwa dakika 20, ukamue na uchuje. Kaanga thomu punje nne zilizopondwa, tia nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, nyanya nne zilizokatwa na pilipili mbuzi moja. Mwenye kifua atie mbili. Zikishalainika mimina ukwaju, sukari vijiko viwili, chumvi, na kijiko kimoja cha siki, kitoweo alichokisifu Mtume wetu (S.A.W.). Acha ichemke polepole mpaka iwe nzito, kama dakika 20. Ikipoa, tia katika chupa kavu. Itakaa juma zima ndani ya friji.

Pasha skonzi kidogo upande wa ndani, panga nyama, pilipili, kitunguu na kachumbari.

Nawe mama, usimpikie. Mkabidhi kisu na kitunguu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa Sala ukaingia, akatoka. Darsa aende, na safari hii umsindikize hadi mlangoni kwa majuma mawili matatu. Hilo ni haki yako baada ya yaliyopita. Kisha baada ya Isha awaalike wale wenzake waje wale kwako. Wakizidi watatu, ongeza nusu kilo ya nyama.