Umeme ukikatika, kazi isikatike!

Wiki hii nimeshikwa shati na kijana wa hapa hapa Lipangalala. Kanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kumbe mwenzangu ana lake moyoni. Anatengeneza programu ya daftari kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga: nani kaleta magunia mangapi, nani kachukua mchele wake, nani anadaiwa. Tajiri kamwambia mavuno yakianza iwe tayari, la sivyo hela hamna, atajinunulia kaunta buku. Sasa umeme ukakatika, laptopu ya mtumba isiyo na betri ikazima puu! Siku mbili za kazi zikayeyuka.

Wageni hushangaa umeme kukatika Kilombero, wakati bwawa la Kidatu, lililoanza kufua umeme mwaka 1975 na lenye mitambo ya megawati 204, liko njia hii hii ya kwenda Mikumi. Ndio hivyo, jirani wa bucha si lazima ale nyama.

Nikamwuliza, umeme uliporudi ulifanyaje? Anaandika kwa Vim, lile dirisha jeusi ambalo vijana wanalionea fahari. Akafungua faili lake, likaja onyo refu la Kizungu linaloanza na E325. Kuchoka kusoma, kabonyeza D. Masikini! Onyo lile lilikuwa linamwambia kwamba Vim imemtunzia nakala pembeni, kwenye faili linaloishia na .swp, ya yale aliyoandika bila kuhifadhi. Herufi D maana yake futa nakala hiyo. Alitakiwa kubonyeza R, imrudishie. Ukisharudishiwa, kagua, piga ':w' uhifadhi, toka, ndipo ufungue tena na hiyo D uibonyeze kwa raha zako.

Dawa kubwa zaidi ni Git. Wengi wanadhani Git bila intaneti haiendi. Si kweli kabisa. Linus Torvalds, yule yule wa Linux, alipoitengeneza mwaka 2005 aliifanya historia yote ya kazi ikae kwenye mashine yako mwenyewe. Ndani ya folda piga 'git init' mara moja tu. Halafu kila kipande kikikubali, piga 'git add -A', kisha 'git commit -m "madeni yanahesabika"'. Hapo bando halijaguswa hata kidogo. Kupeleka nje kwa 'git push' ngoja siku una bando. Na ukitaka kuchukua programu ya mtu mwingine, ongeza '--depth 1' kwenye 'git clone', usije ukashusha historia ya miaka kumi usiyoihitaji.

Kuna wajanja watakwambia tumia tmux, kila kitu kitapona. Hapo pana utata, bwana. Tmux inafaa kama kazi inaendeshwa kwenye seva ya mbali: mtandao ukikatika, seva inaendelea, wewe ukirudi unapiga 'tmux attach' na kukuta mambo yako vile vile. Lakini ukiiwasha kwenye laptopu yako mwenyewe, umeme ukienda nayo inakwenda.

Kwa kutuma faili kubwa, rsync ndiye mwenyewe. Ilitoka mwaka 1996, mwaka ule ule watafiti wa Ifakara walipoanza kuhesabu watu kaya kwa kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na kuanzia hapo wakawa wanarudi kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama, badala ya kuanza sensa upya. Rsync nayo ina tabia hiyo: inapeleka kilichobadilika tu. Ukiweka '-P', mtandao ukikatika katikati, kile kipande kilichokwisha kufika kinabaki, ukirudia amri inaendelea. Kwa kushusha, 'wget -c' inafanya hivyo hivyo, mradi seva ya upande wa pili inakubali.

Kijana kaenda kuandika upya, safari hii na Git. Juzi nimempitia, kafikia ukurasa wa madeni, na mpunga bado haujakatwa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia Ctrl na R, yaani namna ya kufufua amri uliyoiandika juzi ukaisahau.