Gharama ya Shaka: Siasa, Teknolojia na Habari za Uchumi katika Masoko ya Nairobi

Bei katika soko la fedha, iwe ya hisa, ya hatifungani au ya sarafu, hubeba ndani yake makadirio ya watu wengi kuhusu mambo ambayo bado hayajatokea, na kwa sababu hiyo habari inapofika sokoni haipimwi kwa uzito wake wenyewe bali kwa umbali uliopo kati yake na yale ambayo wanunuzi na wauzaji walikwisha kuyatarajia. Ndiyo maana tangazo baya lililosubiriwa kwa miezi huweza kupita bila bei kutikisika, ilhali neno moja lisilotarajiwa likazua mporomoko wa asubuhi moja. Ni desturi kuorodhesha siasa, teknolojia na takwimu za uchumi kana kwamba kila moja huvuta soko upande wake. Lakini mwenendo wa masoko ya Nairobi tangu mwaka 2016 unaonyesha kwamba nguvu inayozipita zote ni shaka, yaani hali ya watu kutojua mamlaka za umma zitafanya nini na lini, na kwamba gharama ya shaka hiyo huwaangukia hata wananchi ambao hawajawahi kununua hisa moja.

Siasa huingia sokoni kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni sheria, ambayo hugusa faida halisi ya kampuni. Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia mabenki ya Kenya kutoza riba ya mikopo iliyozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia, na kesho yake hisa za mabenki makubwa zikaanguka kwa karibu asilimia 10, ambacho ndicho kikomo cha mabadiliko ya bei kwa siku moja. Hapakuwa na la kushangaza katika anguko hilo, kwa kuwa mapato ya mabenki yalikuwa yamepunguzwa waziwazi na kila mwenye hisa aliweza kupiga hesabu yake. Sheria huweza pia kulijenga soko badala ya kulitikisa, kama ilivyokuwa Tanzania, ambako kampuni za mawasiliano zilitakiwa kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, na Vodacom Tanzania ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 baada ya kukusanya shilingi bilioni 476 za Tanzania kwa bei ya shilingi 850 kwa hisa.

Njia ya pili ni sintofahamu, na hii ndiyo yenye madhara zaidi kwa sababu haina hesabu. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipobatilisha matokeo ya uchaguzi wa urais, hisa za Nairobi zilishuka kwa kasi hadi biashara ikasimamishwa kwa muda. Hakuna kampuni iliyopoteza mteja hata mmoja asubuhi ile. Kilichobadilika ni kwamba nchi iliyodhaniwa kuwa imemaliza uchaguzi ilirudishwa katika kampeni na kupewa siku 60 za kupiga kura upya. Uamuzi huo ulikuwa haki ya kikatiba, na lingekuwa kosa kubwa kuipima mahakama kwa bei za hisa za siku moja. Inafaa tu kukumbuka umbo la soko lenyewe: ni soko finyu, ambamo Safaricom peke yake imewahi kuzidi nusu ya thamani ya hisa zote zilizoorodheshwa, na ambamo mifuko ya uwekezaji ya kigeni ina uzito mkubwa, hivyo wachache wakiamua kutoka kwa pamoja mlango huwa mwembamba.

Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, haukutokea katika soko la hisa bali katika thamani ya shilingi. Mwaka 2014 Kenya iliuza kwa mara ya kwanza hatifungani za kimataifa, ambazo ni hati za mkopo wa dola zinazonunuliwa na wawekezaji wa nje, na zile za miaka 10, zilizofikia dola bilioni 2, zilipaswa kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kupita asilimia 5 katikati ya mwaka 2023, na mtaji uliokuwa ukizunguka katika nchi zinazoendelea ukarudi ulikotoka, kiasi kwamba kwa nchi nyingi za Afrika mlango wa kukopa upya ulikuwa kama umefungwa. Tarehe ya deni ilijulikana na kiasi chake kilijulikana. Kilichokosekana ni jibu la swali la fedha zingetoka wapi.

Tarehe 9 Novemba 2023 Rais William Ruto aliliambia Bunge kwamba serikali ingelipa dola milioni 300 za deni hilo mwezi Desemba. Desemba ikaja, ikaisha, na malipo hayo hayakufanyika. Shilingi, iliyoanza mwaka 2023 ikiwa karibu 123 kwa dola, ilifika karibu 160 Januari 2024. Hapa ndipo ahadi ya umma inapogeuka kuwa takwimu ya uchumi, kwa kuwa neno la kiongozi lisipotimia soko halihesabu tu dola zilizokosekana, bali hupunguza pia uzito wa kila neno litakalofuata. Msafirishaji wa chai au maua aliyelipwa kwa dola aliona busara kuziweka akaunti bila kuzibadilisha, mwagizaji wa bidhaa aliona busara kununua leo dola atakazozihitaji baada ya miezi mitatu, na kila mmoja kwa kulinda chake aliongeza uhaba ambao wote waliuogopa.

Mabadiliko yalikuja ghafla. Cote d'Ivoire ilirejea katika soko la kimataifa mwezi Januari na kupata wanunuzi, jambo lililoonyesha kwamba mlango umefunguka. Tarehe 6 Februari Benki Kuu ya Kenya ikapandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Na wiki iliyofuata serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuinunua mapema sehemu kubwa ya ile ya 2014. Siku hizo hizo ulifanyika mnada wa hatifungani ya miundombinu ya ndani, isiyotozwa kodi, yenye riba ya asilimia 18.46 kwa miaka minane na nusu: serikali ilitafuta shilingi bilioni 70, wawekezaji wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 288, na zaidi ya bilioni 240 zikapokelewa. Wawekezaji wa nje waliotaka riba hiyo walilazimika kwanza kuuza dola zao, na wa ndani waliokuwa wamezihodhi wakakimbilia kuziuza kabla hazijashuka zaidi. Mwishoni mwa Machi dola moja ilikuwa karibu shilingi 132.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kipindi hicho deni lenyewe halikupungua. Mkopo wa zamani ulikuwa na riba ya asilimia 6.875, na uliouchukulia nafasi ulikuwa na riba ya asilimia 9.75, hivyo nchi ilijifunga kulipa zaidi huku sarafu yake ikipanda. Kilichoondoka ni shaka, na ukubwa wa kilichoondoka unaweza kusomwa hata kwenye kituo cha mafuta: petroli ya Nairobi, iliyouzwa kwa shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, ilifika shilingi 193.84 Aprili 2024, na ingawa bei ya dunia ina sehemu yake katika tofauti hiyo, nguvu ya shilingi haiwezi kutengwa nayo. Dereva wa matatu aliyeipitisha gharama hiyo kwa abiria hakuwa na hisa wala hatifungani.

Kulinganisha miezi hiyo na Juni 2024 kunazidi kufundisha. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada uliotarajiwa kuleta kodi za shilingi bilioni 346. Tarehe 8 Julai kampuni ya Moody's, inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja. Kwa kipimo chochote cha siasa huo ulikuwa msukosuko mkubwa kuliko ahadi iliyoahirishwa Desemba, na kwa kipimo cha utu hauna mfano wake katika makala haya. Hata hivyo shilingi ilibaki karibu 129 kwa dola, kwa sababu deni lililotishia kumaliza akiba ya fedha za kigeni lilikuwa limekwisha kulipwa. Anayedai kwamba maandamano ndiyo huangusha sarafu ana kazi ya kuufafanua utulivu huo.

Teknolojia, kwa upande wake, imebadilisha mwendo wa habari kuliko maana yake. Hadi mwaka 2006 madalali wa Nairobi walikutana ukumbini na kuitana bei kwa sauti, lakini sasa oda hukutanishwa na kompyuta, na tangu 2023 mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD humwezesha mwananchi kushiriki mnada wa hatifungani kwa simu yake. Hatari ya kasi ilionekana Marekani tarehe 23 Aprili 2013, pale akaunti ya Twitter ya shirika la Associated Press ilipodukuliwa na kutangaza uongo kuhusu milipuko katika Ikulu. Programu zinazosoma vichwa vya habari na kuuza bila kusubiri binadamu zilichangia kuishusha faharisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha jumla cha bei za kampuni 30 kubwa, kwa zaidi ya pointi 140, na dakika chache baadaye bei zikarudi. Nairobi haijafikia kasi hiyo, lakini mtu aliyepata habari kwa sekunde bado anaweza kukosa mnunuzi wa hisa zake kwa siku nzima.

Kwa hiyo lawama haziwaendei wanaouza dola wala simu wanazotumia. Hazina ya Kenya imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kutenda vinginevyo: Machi 2025 ilitumia sehemu ya hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kuanza kuinunua mapema ile ya dola milioni 900 iliyokuwa imepangiwa kumalizika mwaka 2027, na safari hii mpango ulitangazwa kwanza, ukatekelezwa, na shilingi haikusogea. Riba mpya ilikuwa asilimia 9.5 mahali pa asilimia 7, na Bunge lina wajibu wa kuhoji kama bei hiyo ilistahili. Mwaka 2027 ni pia mwaka wa uchaguzi mkuu, na wenye haki ya kwanza ya kujua ratiba ya malipo yaliyobaki, kiasi chake na chanzo cha fedha zake ni walipakodi watakaoyalipa, kabla wawekezaji wa London hawajaelezwa.