Chupa ya harufu haishibishi mbuzi



Siku hizi mchuuzi anakufuata mpaka kando ya ziwa la Nzilo na chupa ndogo mkononi. Ni mafuta ya harufu ya mimea, anasema: kitunguu saumu, karafuu, mkaratusi. "Unatia matone tatu tu mu maji, mbuzi inakula, tumbo haivimbe, inanona." Katika mkutano wetu wa mwisho wengine walitaka tutoe makuta ya koperative tununue katoni nzima. Mimi nasema tungoje. Na si kwa sababu mafuta hayo ni uongo.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawayeyushi majani peke yao. Ndani ya tumbo lao kubwa la kwanza mnaishi vijidudu vingi sana, na ndivyo vinavyochachusha majani. Hapo inatoka gesi ya metani, ambayo mnyama anaitoa kwa mdomo. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya chakula, 2 mpaka 12 zinapotea hivyo. Mafuta ya harufu yanazuia baadhi ya vijidudu: metani inaweza kupungua, na protini haivunjiki haraka mno tumboni. Kwa hiyo Ulaya, iliyokataza kabisa antibiotiki za kukuza mifugo tangu mwaka 2006, inayatumia. Kuna mchanganyiko mmoja wa Uswisi, Agolin, wenye mafuta ya giligilani, ambao ng'ombe wa maziwa anapewa gramu 1 tu kwa siku, ndani ya chakula.

Lakini angalieni ng'ombe huyo anakula nini: nafaka, mashudu, majani mazuri, kila siku. Tumbo lake lina kazi nyingi, na mafuta yanaipangilia.

Mbuzi wetu je? Mama mmoja aliuliza mkutanoni: "Hii mafuta itatusaidia mu mwezi wa saba, wakati majani yote imekauka?" Swali hilo ndilo lenyewe. Mvua zikikatika, majani ya porini yanashuka chini ya sehemu 7 za protini kwa kila 100. Hapo vijidudu vya tumboni vinakosa chakula, vinapungua, na majani makavu yanakaa tumboni bila kuyeyuka. Mnyama anakonda na tumbo limejaa. Sasa vijidudu vyenye njaa, sisi tunaviletea dawa ya kuvizuia! Ni kama kumfunga breki mtu anayesukuma kinga mlimani.

Na matone yakizidi, yanaua hata vijidudu vizuri. Mafuta hayo yakimwagwa mdomoni bila kuchanganywa yanaunguza. Tena msiyachanganye na mafuta ya kula: mbuzi akivimba kwa povu, mafuta ya karanga yanavunja lile povu, ila anyweshwe polepole yasiingie mapafuni, na munganga wa nyama aitwe. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Basi makuta yetu yaende wapi? Kwanza majani. Mwezi wa nne, mvua zikielekea kwisha, tukate nyasi zikiwa bado kijani, tuzikaushe na kuziweka chini ya paa. Majani ya karanga na ya maharagi tusiyachome shambani. Matembele yanayobaki tuwape mbuzi. Tupande lusina kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake yana protini nyingi, ila yasizidi theluthi moja ya chakula. Tuongeze chumvi, na maji safi yasiyotoka upande wa migodi. Mbuzi akikonda bado, tutafute minyoo kwanza.

Hayo yakishatimia, na bado kuna mtu anaitaka chupa, tuijaribu kwa akili. Tuchukue mbuzi kumi wa umri mmoja, wale chakula kimoja. Watano wapewe mafuta kwa kipimo cha munganga wa nyama, watano wasipewe. Tuwapime kwenye mizani kila wiki kwa miezi miwili, na tuandike katika daftari. Mafuta mengine yanafanya kazi siku za mwanzo, halafu vijidudu vinayazoea. Wiki mbili hazitoshi kusema kitu.

Mchuuzi akirudi, tumwonyeshe daftari. Kama lake ni kweli, mizani itasema. Lakini katoni ya leo, kabla nyasi hazijaingia ghalani, mimi siipigii kura.