Lugha ya Vibao vya Barabarani

Mkenya aendaye likizo katika Jamhuri ya Ayalandi na kukodi gari ajiendeshee mwenyewe mashambani, siku ya kwanza hataona ugeni mwingi. Huko nako magari hupita kushoto, na tangu Januari 2005 vibao vya mwendo huandikwa kwa kilomita. Kitakachomshangaza ni lugha. Majina ya miji yameandikwa Kiairishi juu, Kiingereza chini. Aingiapo Gaeltacht, yaani maeneo ambamo Kiairishi ndiyo lugha ya jadi ya wenyeji, Kiingereza hutoweka: kibao kimwamrishacho kuwapisha wengine husema Géill Slí, naye sharti aelewe.

Hata hivyo, amri pekee haitoshi. Mwaka 2005 serikali ilipoondoa jina Dingle katika mji mmoja wa Kaunti ya Kerry na kubakisha An Daingean, wakazi waliteta. Walipiga kura mwaka 2006, na mwaka 2011 sheria ikaidhinisha majina mawili: Dingle na Daingean Uí Chúis. Wenyeji walitaka kusikizwa. Mgeni naye hakupotea.

Nasi je? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini vibao vyetu vingi vingali vinanena Kiingereza, ilhali dereva, utingo na abiria wanasemezana kwa Kiswahili. Waairishi, ambao wengi wao huzungumza Kiingereza nyumbani, wamethubutu. Sisi tulio na wasemaji tele tunangoja nini?