HISA ZA BETRI NA SHILINGI YA MFANYAKAZI

Jioni kazi zikiisha, pale Sakina kwenye barabara iendayo Namanga, si ajabu siku hizi kuwakuta wafanyakazi wameketi pamoja wakizungumza jambo ambalo baba zao hawakulizungumza: hisa za makampuni ya ng'ambo yanayotengeneza betri kubwa za kuhifadhi umeme. Mmoja ataka kununua chache ajaribu. Wa pili ameambiwa na rafiki ya kuwa bei itapanda maradufu kabla ya mwaka kwisha. Wa tatu awaza kwenda kukopa katika chama chake cha kuweka na kukopa ili naye asipitwe. Twaona yafaa tuseme neno.

Kwanza, hatuwacheki wala hatuwalaumu. Azimio lililopitishwa katika mji huu wa Arusha mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Halikumfanya mfanyakazi wa kawaida kuwa mkosaji. Mwaka 1991 Chama chenyewe, katika kikao cha Zanzibar, kililegeza masharti yale ya uongozi, na tangu mwaka 1998 hisa zinauzwa hadharani katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Basi swali si kama ni halali mfanyakazi kununua hisa. Swali ni kama anajua anachonunua.

Hapana shaka kazi ya kuhifadhi umeme ni kazi njema. Jua huchwa na upepo hutulia, lakini taa ya mwanafunzi na jokofu la dawa katika zahanati havingoji. Hata hivyo kazi njema na kampuni njema ni vitu viwili. Kampuni ya A123 Systems ya Marekani iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa dola 13.50 moja, watu wakazigombea. Mwaka 2012 ikafilisika. Northvolt ya Sweden, iliyotazamiwa kuwa fahari ya Ulaya katika betri, ilifilisika mwezi Machi 2025, na miongoni mwa waliopoteza ni mifuko ya pensheni ya wafanyakazi. Wala tusiende mbali. Mobisol ya Berlin, iliyouza mitambo ya jua na betri zake katika nyumba nyingi za Arusha, ilifilisika mwaka 2019, ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Betri zilihitajiwa siku zote. Fedha ndizo zilizokwisha.

Ndugu zetu wakumbuke ya kuwa mwenye hisa si mdai wa kampuni bali ni mwenye kampuni. Ikipata faida, hupata gawio ikiwa litatangazwa. Ikifa, wadai hulipwa kwanza, naye husimama mwisho wa mstari, mara nyingi sanduku likiwa tupu. Tena kampuni inayosifiwa na watu wote, bei yake ya leo imekwisha kubeba matumaini ya kesho. Hata kampuni kubwa yenye wateja wengi haimhakikishii mtu faida ya haraka: hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na baadaye zikauzwa sokoni kwa bei iliyo chini ya hiyo. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo alilipa riba kila mwezi huku mali yake ikipungua thamani.

Ndiyo maana twasema wazi: fedha ya ada ya mtoto, fedha ya matibabu na fedha ya mkopo si fedha za hisa. Anayekuja na habari ya hisa aulizwe kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akijibu kwa kicheko, au akiahidi faida ya hakika, afukuzwe. Hatujasahau upatu wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009, na jinsi watu wanyofu walivyopanda wasivune. Kwa mwenye kipato kidogo zipo njia za taratibu, kama vile vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, na hatifungani za Serikali. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini lipo jambo kubwa zaidi, nalo si la mfanyakazi wa Sakina peke yake. Betri hizo nyingi zahitaji madini ya kinywe, na baadhi yake nikeli. Kinywe kipo Mahenge. Nikeli ipo Kabanga, Ngara. Katika kampuni za miradi hiyo miwili Serikali imechukua hisa asilimia 16 kwa niaba yetu, na hilo ni jema. Lakini hisa za kampuni mama huuzwa Australia na New York. Vivyo hivyo kampuni ya Off Grid Electric, ambayo leo yaitwa Zola Electric, ilianza kazi hapa Arusha. Wananchi wakawa wateja waliolipa kidogo kidogo kwa simu, na wenye mtaji wakawa watu wa ng'ambo. Kwa nini Mtanzania atafute hisa za betri ng'ambo, hali udongo wa betri uko kwake? Twaishauri Serikali itafute njia ya kuuza sehemu ya hisa za miradi hiyo katika soko letu, kwa mafungu madogo ambayo mwalimu na dereva wataweza kuyanunua.

Na kwa viongozi tuna neno moja. Sharti la mwaka 1967 limelegezwa, lakini dhamiri haikulegezwa. Kiongozi anayejua mezani kwake siri ya mkataba, kisha akakimbilia kununua hisa kabla ya wananchi kupata habari, huyo si mwekezaji. Ni mwizi aliyevaa tai.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kusema madai yao. Ardhi haikurudi siku ile, lakini kila mchangaji alijua shilingi yake imekwenda wapi, na kwa sababu gani. Mfanyakazi wa Sakina naye aidai shilingi yake majibu hayo hayo kabla haijatoka mfukoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.